Saisi, Gorogoro na Mfuko wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, ufagio na onyo. Ndoo ilikuwa na tundu, ufagio ulikuwa umebaki kipara, lakini onyo lilikuwa zima na limedumu kuliko hivyo vingine vyote.

Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga, nikafikia kwa binamu yangu Dagoretti Corner. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mabanda ya farasi wa mbio, mwendo wa miguu kutoka Barabara ya Ngong. Mpaka asubuhi hiyo sikuwa nimewahi kumwona farasi kwa macho. Nilijua ng'ombe, mbuzi, na punda mmoja wa jirani aliyekuwa na kichwa kigumu kumshinda mwenyewe. Lango lilipofunguliwa nikakutana na mnyama mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu, ananitazama kana kwamba nimechelewa, miguu yangu ilitaka kurudi Vihiga bila mimi.

Aliyenipokea tulimwita Mnyapara. Alikuwa mkuu wa masaisi, yaani sisi tunaowalisha farasi, kuwapiga brashi, kuwatolea samadi na kuwatembeza. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua la Januari likiwaka.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Siogopi, mzee."

"Basi wewe ni mjinga. Ogopa kidogo ndio uishi." Akanipa ile ndoo. "Na usikie hii, kijana. Watu watakuambia ati farasi ni rafiki ya mtu. Uongo. Farasi hana rafiki. Farasi ako na tumbo. Siku utakuja mikono mitupu, atakugeuzia makalio."

Hilo ndilo lililokuwa onyo. Nililiamini kwa miaka mingi, na karibu limuue farasi niliyempenda kuliko wote. Lakini nisikimbie mbele ya hadithi yangu mwenyewe.

Nyinyi vijana mnaotunza farasi siku hizi mna simu zinazowaambia kila kitu. Sisi tulikuwa na gorogoro. Mnaijua ile kopo ya kilo mbili ambayo akina mama sokoni hupimia mahindi na maharagwe. Pale kwenye mabanda ya mbio kila saisi alikuwa na yake, na hakuna aliyegusa ya mwenzake. Asubuhi gorogoro mbili za oti, adhuhuri moja, jioni mbili tena. Oti ni nafaka nyepesi yenye maganda mengi, na ukiimwaga kwenye hori, yaani pale anapolia chakula, inasikika kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Nyasi kavu tulitupa kidogo tu pembeni, ili farasi asiboeke. Mnyapara alisema farasi wa mbio ni gari, na gari haliendi kwa majani.

Tena kulikuwa na mambo ya heshima. Kuna gorogoro ya kufutwa, ambayo juu yake unapitisha kijiti ili iwe sawa na mdomo wa kopo. Na kuna gorogoro ya mlima, ile ambayo mama wa sokoni anakuongezea kwa sababu wewe ni mteja wake. Saisi aliyempenda farasi wake alipima ya mlima. Saisi aliyefuta kwa kijiti alionekana mchoyo, hata msosi wake mwenyewe watu walimkatia nyama ndogo. Mimi, mtoto wa Vihiga, niliyelelewa na mama ambaye mgeni asipoomba poo hajaridhika, unadhani nilipima ipi?

Basi mwaka mmoja lori la oti likachelewa. Mnyapara akasema tutumie mahindi ya kuvunjwa mpaka lori lifike. Gorogoro ni ileile, idadi ni ileile, hakuna haja ya kusumbua wakubwa. Siku ya pili, farasi wangu, dume mwekundu, hakumaliza chakula. Aligeuza shingo akatazama ubavu wake mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akalala, akaanza kugaagaa huku jasho linamtiririka. Hilo ni chango, maumivu ya tumbo, na kwa farasi si jambo la kunywa soda likapita. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia yote.

Bosi wetu mkuu tulimwita Mkufunzi, kwa kuwa ndiye aliyewafunza farasi mbio. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na upole wake ulitisha zaidi ya makelele ya Mnyapara. Daktari wa mifugo alipomaliza kumpitishia dume mpira puani na kummiminia mafuta, nasi tukawa tumemtembeza mpaka jasho likakauka, Mkufunzi aligeuza ndoo akaikalia.

"Umempa nini?"

"Gorogoro mbili, mzee. Kama kawaida."

Alijaza gorogoro moja mahindi, nyingine akaijaza oti zilizobaki chini ya pipa. Akanipa moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.

"Sasa niambie ipi nzito."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze na gorogoro zangu. Mkono wa mahindi ulikuwa umeshaanza kushuka wenyewe.

"Gorogoro inajua ukubwa," akasema. "Haijui uzito. Na hata uzito ukilingana, mahindi na oti si ndugu." Hapo ndipo aliponifundisha somo ambalo limenilisha maisha yangu yote, na sasa nawapa nyinyi bure. Mbele, farasi ana tumbo dogo la ajabu kwa mwili ule. Nyuma ana tumbo kubwa mfano wa pipa, na humo wanaishi vijidudu visivyohesabika ambavyo kazi yao ni kuvunja nyuzinyuzi za nyasi. "Wewe humlishi farasi," alisema. "Unalisha hao vijidudu, na wao ndio wanamlisha farasi." Nyasi inatafunwa polepole, mate yanatoka mengi, tumbo linatulia. Nafaka imejaa wanga. Inamezwa haraka, na ikizidi, tumbo la mbele linashindwa, wanga unamwagikia kule nyuma, vijidudu wazuri wanakufa na wabaya wanafanya karamu. Tindikali inapanda. Ukiwa na bahati unapata chango. Ukikosa bahati unapata ugonjwa wa kwato, ambao nitauelezea.

Kesho yake alinituma mjini kununua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na uso wa saa. Nilizunguka Ngara nzima, duka hadi duka, mpaka nikaipata kwa kijana mmoja muuza vyuma.

"Unapima nini nayo, boss?" akaniuliza.

"Nyasi."

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akapunguza sauti. "Ya kuvuta?"

"Ya farasi!"

Alicheka akaita na jirani zake waje waone mtu anayepima nyasi. Nikatoka pale na mizani yangu begani, nimenuna, lakini moyoni nilijiona daktari. Tangu siku hiyo kwetu hakuna kilichoingia kwenye hori bila kuning'inizwa kwanza. Nyasi ikawa ndiyo chakula, nafaka ikawa kitoweo. Mnyapara alinung'unika mwezi mzima. Kisha farasi wakaanza kumaliza mbio bila kuumwa tumbo, akaacha kunung'unika akasema yeye ndiye aliyeshauri.

Mkufunzi alipozeeka akafunga mabanda, aliniachia barua nzuri na ile mizani. Nayo ikanipeleka upande wa Karen, kwenye shule ya kufundisha watoto kupanda farasi. Wakati huo nilikuwa nimeoa, mtoto wetu wa kwanza Mercy alikuwa ameanza shule, na hapo nikafanywa Saisi Mkuu. Meneja wa shule tulimwita Madam. Alikuwa mama wa mwendo wa haraka na maneno machache, asiyependa kusikia kitu mara mbili.

"Wewe ndiye Ambani wa mizani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiye, Madam."

"Itundike hapo mlangoni. Kila mtu aione."

Nikaitundika. Niseme ukweli, kichwa kilinivimba. Niliwafundisha wenzangu kupima, nikawapigia hotuba juu ya wanga na nyuzinyuzi hata wakati wa chai. Mama Achieng, mpishi wetu, alisema siku moja nitapima hata maji ya kuoga.

Kulikuwa na farasi jike mdogo wa kahawia, mpole, aliyeitwa Biskuti. Watoto wote walianzia kwake, wale wa kutoka Karen na hata wale wa kwenye maghorofa ya Kileleshwa walioletwa Jumamosi na kofia zao mpya. Mtoto akilia mgongoni mwake, Biskuti alisimama. Mtoto akianguka, Biskuti alisimama, akainamisha kichwa na kumnusa. Kila asubuhi nikifika alikuja langoni kabla ya wengine wote, akaniwekea pua kifuani. Nilimpenda. Sioni haya kusema. Wanangu wenyewe walikuwa wakiulizana nani kati yao anapendwa kama Biskuti.

Shida yake ilikuwa moja: alikuwa wa kunenepa kwa kunusa. Masika moja nyasi mbichi ilichipuka vizuri, ile changa yenye sukari, na kabla sijashtuka shingo yake ilikuwa imeota nundu ya mafuta. Asubuhi moja hakuja langoni. Nilimkuta amesimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyosha, kama mtu anayetembea juu ya makaa bila viatu. Nikagusa kwato. Zilikuwa za moto. Nikatafuta mshipa chini ya kifundo cha mguu, ambao kwa farasi mzima huwezi kuupata kwa urahisi. Ulikuwa unagonga kidole changu kama mtu anayebisha hodi.

Huo ndio ugonjwa wa kwato. Ndani ya ukwato kuna nyama laini inayoshikilia mfupa. Sukari na wanga vikizidi mwilini, nyama hiyo inawaka, inaachia, na mfupa unaweza kuzama. Farasi hulala nusu saa kisha husimama siku nzima. Sasa fikiria kusimama siku nzima juu ya jeraha.

Daktari wa mifugo alikuja mchana uleule. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto wa wakulima wa huko Kikuyu, mwenye mikono ya kazi. Alimpima, akampa dawa ya maumivu, akatuambia tumjazie unga wa mbao chini ili asimame pahali laini. Kisha akatoa amri, na akanielekea mimi.

"Mzee, kutoka leo hakuna malisho ya nje. Hakuna nafaka, hakuna karoti, hakuna tufaha. Nyasi kavu peke yake. Unailoweka maji saa nzima sukari itoke, hayo maji unamwaga, unapima, unaweka kwa neti ya matundu madogo ndio akule pole pole. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Daktari. Mimi ni mtu wa mizani."

Hakutabasamu. Alimgeukia Madam. "Nitarudi baada ya wiki tatu. Akiwa bado anaumia namna hii, nitamdunga sindano ya mwisho. Si haki aishi hivi."

Madam aliitikia kwa kichwa mara moja akaingia ofisini. Hakutoka mpaka jioni.

Nililoweka. Nilimwaga. Nilipima asubuhi, mchana na jioni, nikaandika kwenye kadi ya mlangoni. Wiki ya kwanza joto la kwato lilishuka, akaanza kuhamisha uzito. Nikamwambia Mama Achieng tumeshinda. Wiki ya pili nikaamka nikamkuta ameegemea nyuma tena, na ule mshipa unabisha hodi. Sikuelewa. Kadi ilikuwa safi, mizani ilikuwa sawa, nyasi ilikuwa ileile. Nikampigia Daktari.

"Mzee," akasema, "kuna mtu anamlisha."

"Hapa kwangu? Haiwezekani."

"Basi muulize farasi."

Nilikasirika. Kumwambia Saisi Mkuu kwamba kwake kuna wizi wa kinyumenyume, watu wanaingiza badala ya kutoa! Lakini zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikaacha hasira, nikaingia stoo ya nyasi iliyotazamana na chumba cha Biskuti, nikaurudisha mlango, nikatazama kupitia ufa.

Wa kwanza alikuwa Karanja wa bustani. Kwao ni huko Dagoretti tangu babu zake, na huyo ni mtu asiyeweza kuua hata konokono anayekula mboga yake ya sukuma. Alikuja na wilbaro, akatazama huku na huku, akatoa maganda ya ndizi chini ya kofia. "Kidogo tu, mama," akamwambia Biskuti. "Upate nguvu." Saa nne akaja Mulwa, mlinzi wa lango, na mkate uliochovywa kwenye chai ya sukari. "Kidogo tu." Baada ya chakula cha mchana akaja Mama Achieng mwenyewe, leso imefumbata ukoko wa ugali, ule wa chini ya sufuria ambao hata sisi tunaugombania. Alimlisha kipande kwa kipande huku akimsimulia habari za jirani yake. "Kidogo tu," akasema naye. "Majani peke yake ni chakula gani cha mgonjwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumshika mwovu, nikawakuta watu watatu wema. Nyinyi mnajua kwetu: hospitali haiendwi mikono mitupu. Mgonjwa akiwekewa chakula kibaya na daktari, jamaa zake wanamfichia kizuri chini ya mto. Wenzangu walimwona Biskuti anapewa nyasi zilizolowa, zimeoshwa hata ladha, na wakamwonea huruma, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Saa kumi niliwaita wote mbele ya chumba cha Biskuti. Madam alitoka ofisini akasimama nyuma, mikono ameifunga kifuani. Nikakohoa kama mhubiri.

"Nimewaona," nikasema. "Wewe Karanja, nimekuona. Mulwa, nimekuona. Na wewe, Mama Achieng, mama mzima wa watoto watano!"

"Baba Mercy, ni ukoko tu," akasema Mama Achieng. "Nani amewahi kufa na ukoko?"

"Huyu atakufa nao! Daktari amesema nini? Nyasi! Nyasi peke yake! Mimi usiku na mchana napima, kumbe nyinyi nyuma yangu mnamwaga sumu. Mnampenda ama mnamzika?"

Nilikuwa nimepamba moto. Sauti ilikuwa imepanda, kidole kinaelekezwa kwa huyu na yule, na sikuona kwamba nimesogea karibu sana na mlango. Biskuti akatoa shingo juu ya mlango, polepole kwa vile alivyokuwa akiumwa. Hakunitazama usoni. Aliingiza mdomo moja kwa moja kwenye mfuko wa kushoto wa koti langu la kazi, mdomo unaojua unakokwenda, akauvuta. Mahindi yakamwagika kwenye saruji, punje moja moja, zikidundadunda hadi kwenye viatu vya Madam.

Naapa sikuwa nimedanganya mtu. Konzi ile ya mahindi nilikuwa nayo mfukoni kila asubuhi tangu nikiwa kwa Mkufunzi. Nilimpa Biskuti akija langoni, ilikuwa salamu. Hata baada ya amri ya Daktari niliendelea kumpa, asubuhi na jioni, kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa chakula. Mizani yangu ilipima kila kitu pale shuleni isipokuwa mfuko wangu. Na chini kabisa ya moyo kulikuwa na Mnyapara na kofia yake ya sufu, akiniambia siku nitakapokuja mikono mitupu nitageuziwa makalio. Nilikuwa naogopa hilo kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

Nilitaka kulia. Mama Achieng ndiye aliyeniokoa, kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Mercy," akasema akifuta machozi, "hebu lete hiyo mizani yako."

Karanja aliitungua. Tukaweka kwenye ndoo kila kitu kama tulivyokuwa tunampa kwa siku moja: maganda, mkate, ukoko, na mahindi ya mfuko wangu mara mbili. Mshale ukashuka, ukashuka. Ule ulikuwa mgao wa farasi wa kazi, wanga mtupu, na anayeula ni mgonjwa aliyesimama chumbani.

"Kidogo tu," Mulwa akasema kwa sauti ya chini, akitazama mshale.

Madam aliokota punje moja iliyokuwa juu ya kiatu chake, akaiweka kiganjani mwangu. "Siku tisa, Ambani," akasema. Akarudi ofisini.

Jioni hiyo Mama Achieng alinivua koti, akaleta sindano na uzi wa gunia, akaushona ule mfuko wa kushoto mdomo mzima. Alishona kama mtu anayefunga kidonda. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, chakula kitapita kwa mkono mmoja na mizani moja. La pili alilisema Karanja: mgonjwa bado atatembelewa, lakini aletewe mkono tu. Farasi wana pahali juu ya bega, pale shingo inapoanzia, ambapo wao kwa wao hukwaruzana kwa meno wakiwa na raha. Nikawaonyesha. Kuanzia hapo Karanja alikuja na kucha zake za bustani akamkwaruza, Mulwa akaja, na Mama Achieng akaendelea kumsimulia mambo ya jirani, maana habari hizo hazina wanga.

Asubuhi ya kwanza nilipokuja na mfuko ulioshonwa, Biskuti aliunusa. Akausukuma, akaulamba, akaung'ata uzi. Kisha akageuka kwa shida na kunipa makalio, kama nilivyoambiwa. Niliweka neti ya nyasi nikatoka. Ninyi mtacheka, lakini chai ya asubuhi hiyo nilimwachia Karanja. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Lakini siku ya nne kwato zilikuwa baridi, na ya sita nikautafuta mshipa chini ya kifundo mpaka nikaukosa, na kuukosa kule kulikuwa kutamu.

Daktari alirudi siku aliyosema. Alikuja na sanduku lake la sindano, akaliacha kwenye gari, mlango wazi. Sote tulijua ndani kuna nini.

"Mtoe," akaniambia. "Pale kwa saruji. Mgeuze kulia."

Kugeuka juu ya pahali pagumu ndiko kunakomfichua farasi mwenye kwato mbovu. Nilishika kamba. Nyuma yangu Mama Achieng alikuwa anaomba kwa Kijaluo, na Mungu anasikia lugha zote. Biskuti akapiga hatua. Akapiga nyingine. Nikamgeuza kulia, akageuka. Nikamgeuza kushoto, akageuka, akasimama, akatutazama kama anayeuliza tumekusanyikia nini.

Daktari aliinama akashika mguu mmoja, kisha mwingine. Alipoinuka alienda kwenye gari akafunga mlango.

"Mzee, ulimfanyia nini?"

"Tulishona mfuko, Daktari."

Hakuelewa, na hakuna aliyeweza kumweleza, kwa sababu wote tulikuwa tunapiga kelele. Hata Madam nilimwona akimshika Mulwa mkono.

Biskuti alifundisha watoto wa Karen na Kileleshwa miaka mingine mingi, kwa nyasi, maji na chumvi. Mimi nilifundisha masaisi wengi baada ya hapo, na somo la kwanza sikuwapa la matumbo. Niliwaambia wageuze mifuko yao nje.

Sasa nimestaafu. Niko palepale karibu na Dagoretti Corner, shamba la Vihiga linaningoja na wala sina haraka. Mwaka jana Mercy, ambaye sasa ana kazi ya ofisi na nyumba yake Kileleshwa, alinipeleka kliniki mjini kwa sababu ya kiu na kukojoa kila saa. Muuguzi akasoma karatasi, akaniambia, "Mzee, ni sukari. Punguza ugali, chai isiwe na sukari, kula mboga na vyakula vya nyuzinyuzi, na utafune pole pole." Nilicheka mpaka akamwita daktari. Nyumbani mke wangu amenunua mizani ndogo ya jikoni. Majirani wananihurumia. Wananiletea chapati chini ya gazeti na kuniambia, kidogo tu, mzee. Nawaambia hapa hamnipati. Hayo maneno nayajua yalikotoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Biskuti. Hafanyi kazi tena, macho yamemfifia na mgongo umeingia ndani. Karanja ndiye aliyenifungulia, naye kichwa kimekuwa cheupe chote. Nilivaa lile koti la kazi, uzi wa Mama Achieng bado uko. Biskuti alikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja mkavu, kwenye neti yake ya nyasi. Sikumwita. Niliegemea lango tu, na nilikuwa naogopa kama siku ile ya ndoo na ufagio.

Aliinua kichwa. Akaiacha nyasi, akaja, hatua baada ya hatua, mpaka langoni. Akanusa mfuko wa kushoto, akakuta umefungwa. Akaweka pua kifuani mwangu, akabaki hapo.